Usione Vyaelea: Kazi ya Kuwavisha Waimbaji

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mpaka imechakaa, nami nakiri kwamba niliiandika miaka miwili mfululizo bila kujua hasa ni nini kinachoundwa na nani anayekiunda. Nilikuja kujua katika likizo ya Desemba nilipomaliza kidato cha pili, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya pazia la ukumbi mmoja jijini Nairobi, wembe mkononi, jasho likinichuruzika, na mbele yangu mama mmoja mwimbaji akihema kama mtu aliyepanda Mlima Longonot mbio. Lakini kisa hicho kina mahali pake. Subira, msomaji, tutakifikia.

Shule zilipofunguliwa, wenzangu wa bweni walisimuliana walivyokula Krismasi mashambani. Mimi niliposema kwamba likizo yangu yote nilikuwa nikipima vifua na viuno vya wanamuziki, bweni zima likavunjika mbavu. "Ati umekuwa fundi wa marinda! Si ungetuita hata sisi tukusaidie kupima!" Jina likashika. Hata mwalimu mmoja (simtaji, maana jarida hili analisoma) aliniita hivyo mbele ya darasa. Mhariri wetu akaniambia, "Badala ya kununa, andika somo." Basi somo lenyewe ndilo hili.

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa chama cha Kiswahili na hatuwezi kuzungumzia kazi isiyo na jina. Kitenzi ni vaa. Mtu akivaa kwa mkono wa mwingine, huyo mwingine amemvika, amemvisha au amemvalisha. Masikioni mwangu kuvika kuna heshima kidogo: tunavika taji, tunavika pete. Kuvisha ni kwa kila siku, kama mama amvishavyo mtoto sweta. Sasa, mbunifu wa mitindo ni yule anayebuni na kuchora nguo. Fundi ndiye anayeikata na kuishona. Mwanamitindo ni yule anayeivaa ili watu waione. Lakini yuko mtu wa nne, ambaye huenda hakuchora wala hakushona wala havai, bali ndiye anayeamua kwamba mwimbaji huyu, kwa wimbo huu, katika ukumbi huu, avae hiki wala si kile, kisha anahakikisha kwamba kimemkaa na hakitamwaibisha. Mjini wengi humwita stailisti, na wanabendi niliowaona walimwita tu "mtu wa nguo". Mimi nitamwita mvishaji. Mwalimu aliye na jina bora zaidi anipe, nitalipokea kwa mikono miwili.

Mvishaji niliyemfahamu ni shangazi yangu. Ana chumba ghorofa ya tatu katika jengo moja la River Road, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Kazi hii aliirithi. Babu alikuwa fundi wa suti mtaa huohuo, na miaka ya 1970 na 1980, wanamuziki kutoka Zaire walipokuwa wamejaa Nairobi wakipiga katika vilabu, baadhi yao walishonewa na yeye. Shangazi alikuwa akikaa chini ya meza akiokota pini. Siku hizi anavisha kwaya, bendi za hotelini, waimbaji wa injili wanaopiga video, na mara mojamoja wenye taarabu wanaokuja kutoka Pwani kwa arusi.

Baba hakufurahi niliposema nataka kwenda huko. Alisema cherehani ni kazi ya mtu aliyeshindwa na masomo, na kwamba dada yake angenitia uvivu. Mama ndiye aliyenitetea, akisema afadhali River Road kwa shangazi kuliko kuzurura mtaani. Nikaruhusiwa.

Majuma mawili ya kwanza nilikuwa punda tu. Asubuhi naenda Biashara Street kutafuta uzi, zipu na lastiki. Saa nne niko Gikomba na shangazi, tumesimama karibu na mtumba unaofunguliwa ili tupate "kamera", yaani zile nguo safi zinazochaguliwa mwanzo kabisa. Msidhani kwamba waimbaji wote mnaowaona wakimeremeta wamevaa nguo za dukani. Koti zuri la Gikomba likifumuliwa, likapunguzwa mabega na kubadilishwa vifungo, hata aliyelitoa ng'ambo hawezi kulitambua. Jioni nafagia vipande na kuokota pini kwa sumaku. Shangazi hakunifundisha chochote kwa mdomo. Alikuwa akisema, "Tazama mikono, usitazame mdomo."

Ikafika Ijumaa moja. Bendi fulani ilikuwa inapiga katika ukumbi wa hoteli, na palikuwa na mtu aliyekuja kuwasikiliza ili aamue kama atawapa kazi ya miezi mitatu. Watu kumi na mmoja wa bendi ile walikuwa wakitegemea usiku huo kulipa kodi na karo. Mwimbaji wao mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya kutetemesha vioo, alishonewa gauni la samawati. Shangazi alikuwa na kwaya mahali pengine hadi saa mbili. Aliniachia gauni akaniambia, "Mvishe, funga zipu, usiguse kitu kingine."

Nikamvisha. Akasimama mbele ya kioo. Machoni mwangu gauni lilipwaya ubavuni, likakaa kama gunia. Nikajiona mjuzi. Nikamwambia, "Mama, ngoja nilibane kidogo, utapendeza zaidi." Nikapiga bandi upesiupesi kila upande, nikaingiza karibu inchi mbili kwa jumla, nikashona kwa uzi maradufu. Mama akajitazama, akatabasamu, akasema kweli kijana anajua. Kiuno kilionekana! Nilijipongeza kimoyomoyo.

Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili, nikamwona akishusha mabega baada ya kila mstari. Wa tatu una mahali ambapo sauti hupanda na kukaa juu muda mrefu, na ndipo watu huwa wanapiga vigelegele. Alipanda. Sauti ikafika katikati ikakatika, kama betri iliyokwisha. Mpiga gita, mungu wake mkubwa, akaidaka nafasi ile kwa gita, watu wengi wasijue. Lakini mimi nilijua, na mama alijua, na yule mtu aliyekaa meza ya mbele alikuwa amegeuka kumtazama mwenzake.

Walipopumzika, akaja nyuma ya pazia akishika mbavu. Hakunitukana. Alisema tu, "Kijana, umenifunga kama gunia la makaa. Nifungue." Ndipo nilipopiga magoti na wembe. Kufumua uzi maradufu uliokaza juu ya mwili wa mtu, gizani, huku mkono ukitetemeka, ni mtihani ambao sitaki kuufanya tena. Nilifumua upande mmoja, kitambaa kikachanika kidogo. Nikafunga pale kwa pini nne na kumtandika mtandio juu ya bega hadi kiunoni pasionekane kitu. Akarudi jukwaani akaimba vizuri mno hata mwisho. Ile kazi ya miezi mitatu hawakuipata. Hakuna aliyesema ni kwa ajili yangu. Huenda sauti yao haikumpendeza yule mtu, huenda bei. Mimi hadi leo sijui, na hilo ndilo linalonikera.

Shangazi alipopata habari hakunipiga wala hakunifukuza. Kesho yake asubuhi alinizungushia futi ya kupimia kifuani, chini kidogo ya matiti, akasema, "Soma." Inchi 32. "Sasa imba wimbo wa shule yenu, kwa sauti yote." Nikaona haya, jirani wa viatu alikuwa akisikiliza. "Imba!" Nikavuta pumzi nikaimba. Futi ikamponyoka vidoleni. "Soma tena." Inchi 34 na nusu. Akaikunja futi akarudi kwenye cherehani yake.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba vazi la mwimbaji ni nguo ya kazi, sawasawa na ovaroli ya makanika. Mwimbaji hutumia mbavu na tumbo kama mvukuto wa mhunzi: zikipanuka hewa inaingia, na sauti ndefu hutoka kwa kuiachia hewa hiyo polepole. Ukizifunga mbavu umeifunga sauti. Kwa hiyo mvishaji humpima mwimbaji mara mbili, akiwa ametulia na akiwa amejaza pumzi, na gauni hukatwa kwa kipimo cha pili. Ile nafasi niliyoiona kuwa ni kupwaya, shangazi alikuwa ameiweka makusudi. Anayetaka kiuno kionekane atumie marinda yanayofunguka, au lastiki pana mgongoni ambapo watu hawaoni, au aukate mshono uinuke juu ya mbavu. Kukaza, hapana.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo ambayo nilikuwa nikiyatazama bila kuyaona. Mwimbaji anayeinua mkono akiwa amevaa koti la kawaida, koti zima hupanda pamoja na mkono, kola ikamfika masikioni. Dawa yake wazee wetu wa kanzu waliijua zamani: kikwapa, kile kipande kinachotiwa chini ya kwapa ili mkono uinuke bila kuvuta vazi. Shangazi hutia kikwapa katika makoti ya waimbaji wote, na katika mashati ya kwaya pia, kwa sababu wanakwaya wetu hawawezi kumsifu Mungu mikono ikiwa chini. Mpiga gita hushonewa bega lisilo na puleki, vile vidude vinavyometameta, kwa kuwa mkanda wa gita huzikwangua zote kabla ya wimbo wa pili. Wala havai mshipi wenye bizimu kubwa, maana utakwaruza mgongo wa gita, na gita ni ghali kuliko suti. Mpiga ngoma asipewe mikono mipana. Mcheza densi suruali yake hushonwa mara mbili pale katikati, na nadhani sababu haihitaji maelezo.

Jambo hili la mwendo limewasumbua hata wakubwa. Mwaka wa 1957 fundi mashuhuri wa Hollywood, Nudie Cohn, alimshonea Elvis Presley suti nzima ya kumetameta kama dhahabu. Ilipigwa picha ikaenea duniani. Elvis aliivaa yote mara chache tu, kisha akawa anavaa koti lake peke yake na suruali nyeusi. Mtu aliyekuwa akiimba kwa kuyumbisha miguu na kupiga magoti, suruali ya dhahabu ingemfaa nini?

Baada ya mwili, jicho. Kabla ya onyesho shangazi huingia ukumbini watu wasipokuwapo, huvika nguo juu ya kiti jukwaani, halafu hutembea hadi kiti cha mwisho kabisa nyuma. Nilimwuliza kwa nini asikae mbele. Akasema, "Wa mbele watamwona hata akivaa gunia. Mimi nafanya kazi ya huyu wa nyuma, aliyelipa nauli ya matatu mbili." Kutoka nyuma, maua madogomadogo ya kitambaa huungana yakawa kama vumbi. Almaria ya shingoni iliyochukua siku tatu haionekani. Kinachoonekana ni umbo, rangi moja au mbili kubwa, na kitu kinachosogea.

Hapa natoa mfano wa mtu aliyezaliwa kwetu huku. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka wa 1946, wazazi wake wakiwa Waparsi kutoka India. Familia ilihamia Uingereza mwaka wa 1964. Kabla ya kupata umaarufu, yeye na mpiga ngoma wao Roger Taylor walikuwa na kibanda cha kuuza nguo kuukuu katika soko la Kensington, London. Mitumba, ndugu zangu! Baadaye, mwaka wa 1974, mbunifu Zandra Rhodes alimtengenezea vazi jeupe la marinda lenye mikono mipana kama mbawa, hivi kwamba akiinua mikono, hata aliye mbali anaona ndege mweupe. Na mwaka wa 1986 katika uwanja wa Wembley alivaa koti fupi la manjano lenye mikanda na bizimu, kazi ya Diana Moseley. Uwanja ule ulijaa makumi ya maelfu ya watu. Wengi wao hawakuona uso wake hata kidogo, ila waliona tone la manjano likikimbia jukwaani, wakajua yuko wapi. Sijui kama aliyeuza nguo kuukuu hujifunza jicho hilo sokoni. Nikitazama wachuuzi wa Gikomba wanavyotundika shati moja jekundu juu ya rundo zima ili uje, nadhani hujifunza.

Taa nazo zina hila. Kitambaa cha kijani kibichi chini ya taa nyekundu huwa kama cheusi, kwa sababu taa nyekundu haina kijani cha kurudisha. Wanafunzi wa fizikia mnajua. Nyeupe hukubali kila taa, ikipigwa bluu inakuwa bluu. Shangazi ana tochi na vipande vya nailoni za rangi, zile za kufungia zawadi. Usiku huzima balbu, hufunika tochi kwa nailoni na kumulika kitambaa kabla ya kukikata. Kamera pia ina adabu zake. Mistari myembamba iliyokaribiana hucheza katika video kama maji ya mtoni. Na studio ikiwa na pazia la kijani, lile ambalo baadaye hubadilishwa likawa bahari au mji, mwimbaji asivae kijani hicho. Niliona kwa macho yangu kijana mmoja wa injili aliyekataa ushauri akaja na fulana ya kijani. Katika video kichwa chake na mikono viliimba peke yake juu ya mawimbi.

Lakini somo ambalo chama chetu kitalipenda zaidi ni la leso. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Mwenye leso anasema kabla hajafungua kinywa. Alikuja bibi mmoja wa taarabu kutoka Mombasa, amealikwa kuimba katika arusi Eastleigh. Alikuwa amejinunulia doti ya leso nyekundu na nyeupe, nzuri ajabu, akataka tumshonee gauni. Shangazi akaikunjua mezani akasoma: "Hasidi hana sababu." Akauliza, "Bibi, arusi ni ya nani?" Katika mazungumzo ikajulikana kwamba mama wa bwana arusi na shangazi wa bibi arusi walikuwa hawasemezani tangu posa. "Sasa ukisimama mbele yao na maneno haya mgongoni, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye amekutuma." Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Lahaula! Mimi nilipenda rangi tu." Nikatumwa mbio kutafuta nyingine. Nilisoma leso nyingi siku hiyo kuliko vitabu vyote vya muhula. Nilirudi na "Mgeni njoo mwenyeji apone", ya manjano, na bibi akaikubali ingawa alinung'unika kwamba manjano humfanya mnene. Ushairi wote tunaokariri hapa shuleni haujanifunza uzito wa maneno machache kama ile asubuhi.

Mavazi yanayosema hayapatikani Pwani tu. Babu alisimulia kwamba wateja wake kutoka Zaire walitaka suti kwa uchu ambao yeye, fundi wa suti, aliustaajabia. Nilidhani ni maringo. Baadaye niliposoma nikaelewa. Serikali ya Mobutu miaka ya 1970 ilipiga marufuku suti na tai ikisema ni za kikoloni. Wanaume wakatakiwa kuvaa abakosti, koti la kola fupi lisilo na tai, na jina lake lenyewe linatokana na maneno ya Kifaransa yanayosema "suti na iangamie". Tai hazikuruhusiwa tena hadi mwaka wa 1990. Sasa katikati ya marufuku hayo akatokea Papa Wemba, aliyezaliwa mwaka wa 1949, mmoja wa waanzilishi wa Zaiko Langa Langa mwaka wa 1969, akaunda kundi lake la Viva la Musica mwaka wa 1977. Yeye na vijana waliomfuata, wale wanaoitwa wasapeur, walivaa suti za wabunifu wa Ulaya na Japani, viatu vinang'aa, mwendo wa madaha. Vijana wasio na kazi walijinyima ili wapate kiatu kimoja cha jina. Unaweza kuwalaumu kwa hilo, na mimi kidogo nawalaumu. Ila katika nchi ambayo nguo yako imechaguliwa na rais, kufunga tai ni kusema jambo, na hukuhitaji kuliimba. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan akiwa kazini tarehe 24 Aprili 2016, akafariki. Picha za mwisho zinamwonyesha amevaa kofia yake na nguo zake za onyesho.

Nisiwadanganye kwamba kazi hii ni mikogo mitupu. Pesa zake ni za machozi. Shangazi hudai arabuni, nusu ya malipo, kabla ya kukata kitambaa, na wengi hukasirika. "Ati huniamini?" Yuko mwanamuziki mmoja wa jina kubwa aliyechukua makoti matatu akaahidi kulipa baada ya onyesho. Onyesho likaisha, simu ikawa haishikwi, na makoti tuliyaona katika video yake tukinywa chai. Kwa hiyo kuna daftari: nani, kachukua nini, tarehe gani, atarudisha lini, sahihi. Hata shangazi akikuazima pini utaandikwa. Nguo nyingine huazimwa madukani kwa usiku mmoja, zirudi bila doa, na hapo ndipo mvishaji hashibi wala halali. Anatia vipande vya kitambaa kwapani kuzuia jasho, anabeba poda ya kunyunyizia doa la mafuta kabla halijakauka, na kipande cha mshumaa cha kusugulia zipu inayokwama. Nguo ya kuazima haisitiri, na ikichanika unailipa wewe, si aliyeivaa.

Muhula wa pili kwaya yetu ilipojiandaa kwa tamasha la muziki, hatukuwa na pesa za sare. Nilimwendea mwalimu wa muziki nikamwambia nitawavisha watu 24 kwa shilingi 4,800. Akanitazama sana, kisha akasema, "Fundi wa marinda, jaribu." Nilinunua mashati meupe ya mitumba 24 kwa shilingi 150 kila moja, hiyo ni 3,600. Yaliyobaki yalikwenda kwa rangi, uzi na nauli. Mpishi wetu alituazima sufuria kubwa kuukuu, tukayatumbukiza mashati yote pamoja ili rangi isitofautiane. Tukakosea chumvi mara ya kwanza yakatoka mabakamabaka, tukarudia. Kisha nikawapanga waimbaji kwenye ukumbi, mmojammoja, futi kifuani. "Tulia. Sasa vuta pumzi. Imba." Wale wa sauti ya nne walicheka mpaka wakashindwa kuimba. Nilitia vikwapa 48, kimoja baada ya kingine, wiki mbili za saa za michezo. Sitasema tulikuwa wa ngapi, mnajua. Nasema tu kwamba mahali pale pa juu katika wimbo wa pili, pale ambapo mwaka uliotangulia tuliishiwa, safari hii nilisimama pembeni nikihesabu, na sauti haikukatika.

Baba alikuja siku ya wazazi. Aliliomba shati moja, akaligeuza ndani nje, akavuta mishono kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya babu. Akauliza, "Hiki kikwapa nani kakufundisha?" Nikamwambia. Akalikunja akanirudishia, akaniuliza habari za hisabati. Muhula uliofuata nilipokuwa narudi shule niliikuta suruali yake ya kazini juu ya sanduku langu, upindo umefumuka.

Muhula ujao tutahitaji mikono. Mwenye kutaka kujifunza aje chumba cha sanaa siku za Alhamisi baada ya michezo, na wembe wake na uzi wake, kwa sababu wangu nimechoka kuazimisha. Kwa wanakwaya: daftari liko kwangu. Mashati 21 yamerudi, matatu bado. Sahihi zenu ninazo.